MREJESHO: Linki yangu ya Posta–Kigamboni na mvua

Wakuu, niliuliza kwa nini linki yetu ya redio ya gigahezi 23 (antena mbili zinazotumiana data hewani) inakata kila masika yakikolea. Mlioniambia niachane na wastani wa mvua wa mwaka, asanteni. Pendekezo la ITU-R P.530 (mwongozo wa shirika la kimataifa la mawasiliano wa kupangia linki kama hizi) linataka ukali wa mvua, yaani milimita kwa saa, unaozidiwa asilimia 0.01 tu ya muda, yaani kama dakika 53 kwa mwaka. Mimi nilipigia hesabu milimita za mwaka mzima, kumbe kinachoua ni ile ya ndoo, ya robo saa!

Tumegeuza antena ili mawimbi yatikisike wima badala ya mlalo, maana matone makubwa hubapa na kula zaidi mawimbi ya mlalo. Juzi imenyesha mpaka Jangwani hapapitiki. Mawimbi yalishuka, hayakukata. Fundi wetu bado anasema ni bahati.