Tangazo la kazi za wanafunzi linatoka Ijumaa usiku, mwisho wa maombi Jumapili. Mnamtania nani?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika mara mbili na kuufuta. Mara ya kwanza ulijaa matusi, mara ya pili nikaingiwa na woga. Leo liwalo na liwe. Jina la chuo silitaji, wala la mtu yeyote, na nawaomba na ninyi msitaje. Wa chuoni kwetu atajua, na wa kwingine nina hakika atadhani nasema chake.

Ijumaa, saa 4:47 usiku, inaingia baruapepe kutoka ofisi inayoshughulikia fursa za wanafunzi. Herufi kubwa: NAFASI ZA KAZI KWA WANAFUNZI, MAKTABA. Nafasi mbili za kupanga vitabu na kukaa dawatini, saa 10 kwa wiki, ujira kila mwisho wa mwezi. Mimi vipindi vyangu vinaisha mchana, jioni niko wazi. Hiyo kazi ilikuwa imeshonwa kwa vipimo vyangu. Nikaruka kitandani, nikawasha taa, nikaanza kuandika barua ya maombi huku nimesimama.

Kisha nikafika mstari wa mwisho. Maombi yatumwe kabla ya saa 6 usiku Jumapili, yakiambatana na barua ya utambulisho yenye sahihi na muhuri wa mkuu wa idara.

Hebu tupige hesabu pamoja. Ijumaa saa nne usiku mkuu wa idara yuko kwake na familia yake. Jumamosi idara imefungwa. Jumapili imefungwa. Muhuri uko kwenye droo, droo iko ofisini, ofisi ina kufuli, na funguo anazo mtu ambaye naye yuko mapumziko. Huo muhuri nikauchonge kwenye soli ya ndala?

Nikatuma maombi bila barua, nikaeleza kwa adabu zote kwamba barua itafika Jumatatu asubuhi. Jumatatu saa 2 asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa idara kabla hata yeye hajafika. Muungwana yule, alisaini akiwa bado amebeba mkoba begani, hakuchukua hata dakika. Nikakimbia na karatasi mpaka dirishani kwa ile ofisi ya fursa. Mama wa pale akaitazama, akaitazama saa, akasema, "Mwanangu, muda umeshapita, si ulisoma tangazo?" Nikamwambia nimelisoma, ndiyo maana niko hapa. Akasema, "Basi ungewahi."

Ungewahi. Neno hili sijalimeza mpaka leo. Kuwahi kitu ambacho kimezaliwa Ijumaa usiku na kuzikwa Jumapili, mtu anawahi vipi?

Sasa hilo peke yake ningelisamehe, uzembe upo kila mahali. Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Jumatano ya wiki ileile, yaani siku mbili kabla ya baruapepe, nilikuwa maktaba natafuta kitabu cha somo la elektroniki. Nikampisha kijana mmoja wa mwaka wa tatu anasukuma toroli la vitabu, kitambulisho cha wahudumu kinaning'inia shingoni. Nikajua ni wa siku nyingi. Mkeka, yaani orodha ya waliochaguliwa, ulipobandikwa wiki iliyofuata, jina la kwanza ni lake. Kumbe kaomba kazi akiwa tayari yuko kazini!

Sina ugomvi na kijana. Kaitwa, kaenda, hata mimi ningekwenda. Ila niruhusuni nicheke kidogo kwa uchungu. Maktaba yetu inatumia mpangilio wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba, ule aliouanzisha Melvil Dewey mwaka 1876. Humo tarakimu za baada ya nukta zinasomwa moja moja, hazisomwi kama namba nzima. Kwa hiyo 621.381, ambayo ni elektroniki, inatangulia 621.39, ambayo ni uhandisi wa kompyuta, kwa kuwa 8 iko kabla ya 9. Mtu asiyefundishwa ataona 39 ni ndogo kuliko 381 na ataanza nayo. Nendeni mkaione rafu ile sasa hivi. Nusu ya kompyuta iko mbele ya elektroniki, na kitabu changu nilikikuta rafu tatu chini kimelala kifudifudi. Mimi nilishajifunza haya mwaka wa kwanza kwa kukaa tu pale na kuuliza. Niliyaandika hata kwenye barua ya maombi, ile ambayo hakuna aliyeifungua.

Halafu nikafanya kitu ambacho pengine nisingefanya kama ningekuwa na akili timamu usiku ule. Nikafungua taarifa za faili la tangazo. Wengi hawajui, ila faili la PDF kwa kawaida linabeba ndani yake tarehe na saa lilipotengenezwa na lilipobadilishwa mara ya mwisho. Hili letu lilitengenezwa siku 16 kabla ya kutufikia, na tangu siku hiyo halijaguswa hata nukta. Maana yake ni kwamba ile Jumapili iliandikwa mapema kabisa. Aliyeandika alikusudia tuwe na zaidi ya wiki mbili. Siku zote hizo lilikuwa mikononi mwa nani? Na huyo aliyekuwa nalo, alimwonyesha nani?

Ndipo nikaelewa. Tangazo lile halikutolewa ili tuombe. Lilitolewa ili kwenye jalada ionekane lilitolewa. Mkaguzi akija ataliona, ataona majina ya walioomba, ataona mkeka, ataweka tiki. Sisi tulikuwa mapambo ya jalada.

Ukishalijua hilo, kila kitu pale chuoni unakiona kwa jicho lingine. Ile sehemu ya MATUKIO YAJAYO kwenye tovuti, tukio la juu kabisa ni la muhula uliopita. Maonesho ya ajira yaliwekwa wiki ya mitihani, asubuhi, saa ileile mwaka wa pili wote tumeinamia karatasi ya takwimu. Tuliotoka mbio kwenye chumba cha mtihani tulikuta watu wanakunja mabango. Mmoja alinipa kalamu na kuniambia niombe kupitia tovuti yao. Kalamu inaandika vizuri, simlaumu.

Na kile kimraba cha QR kwenye mabango! Wajapani wa Denso Wave walikibuni mwaka 1994 wafuatilie vipuri vya magari kwa haraka. Kwetu kinatumika kumpeleka mtu haraka kwenye maneno "fomu hii haipokei tena majibu". Nimevipiga picha vitano kwenye ubao mmoja, vinne fomu imefungwa, cha tano hakifunguki kabisa.

Kuna na masharti ya vichekesho. Niliwahi kuona nafasi ya msaidizi wa maabara ya kompyuta, waombaji wawe mwaka wa kwanza au wa pili tu, na wawe na uzoefu wa miaka miwili katika kazi hiyohiyo. Mwaka wa kwanza mwenye uzoefu wa miaka miwili alianzia wapi, tumboni?

Tuje kwenye "kujitolea", maana hapa ndipo damu inapochemka. Kukiwa na mkutano mkubwa, mahafali, wageni, ghafla fursa zinatangazwa mapema kabisa na kwa uwazi, hakuna cha muhuri wala cha mkuu wa idara. Kwa nini? Kwa sababu hazina malipo. Nilisimama kwa muda wa saa 10 kuandikisha wageni, kubeba viti, kuelekeza magari, na kuambiwa nitabasamu. Tangazo lilisema "motisha itatolewa". Motisha ilikuwa fulana yenye jina la mfadhili mgongoni na cheti cha ushiriki. Jina langu kwenye cheti limekosewa herufi mbili, kwa hiyo hata kukitumia siwezi, labda nibadili jina.

Msinielewe vibaya, kujitolea ni jambo jema na nimejitolea sana maishani. Lakini kazi ambayo isipofanywa na mwanafunzi ingemlazimu mtu mwingine alipwe, hiyo ni kazi. Hata Marekani, ambako watu wanapenda kutolea mifano, mpango wao wa kazi za wanafunzi, Federal Work-Study, umetokana na sheria ya mwaka 1964: serikali inachangia sehemu ya ujira, na malipo ya mwanafunzi hayaruhusiwi kushuka chini ya kima cha chini cha sheria. Hawatoi fulana.

Na kabla hujaniambia "si ukatafute kazi nje ya chuo", fikiria wenzetu waliotoka nchi nyingine. Hukohuko Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo mwaka wake wa kwanza wa masomo, na ndani ya chuo mwisho wake ni saa 20 kwa wiki masomo yakiwa yanaendelea. Mtu wa namna hiyo ana mlango mmoja tu, ule ubao wa matangazo. Ukiuficha siku 16 umemfungia nje, halafu unamuuliza kwa nini amechelewa ada.

Ninachotaka hakihitaji bajeti wala kamati. Kila tangazo liwe na tarehe tatu juu kabisa: lilipoandikwa, lilipotolewa kwetu, na mwisho wa maombi. Kati ya ya pili na ya tatu ziwe siku 14 za kweli. Barua za idara ziombwe kwa waliopita usaili tu, siyo kwa kila mwombaji, kwani muhuri unahitajika kwa kumpa mtu kazi, hauhitajiki kwa kumruhusu kuomba. Na mkeka ukitoka useme walioomba walikuwa wangapi. Kama kuna mtu wao wanamtaka na anafaa, wamchukue, waseme tumemchukua fulani kwa sababu hizi, wasitukeshe.

NYONGEZA: Nimerudi baada ya kusoma maoni yenu, wakuu. Nawajibu kwa pamoja maana mko wengi.

Mnaosema "jiongeze, maisha ni koneksheni": sawa. Basi waandike hivyo kwenye tangazo, sifa za mwombaji, namba moja, awe anajuana na mtu. Nitaliheshimu, nitazima taa nilale.

Aliyesema huenda faili ni la zamani wamelitumia tena: nami niliwaza hivyo. Ila lina jina la muhula huu na tarehe ya mwisho ya mwaka huu, na taarifa zake zinaonyesha halijabadilishwa tangu litengenezwe. Labda kompyuta yao saa yake ilikuwa mbovu. Wakija kusema hivyo nitakubali, nami nitauliza mbona baruapepe ilitoka na saa sahihi.

Mkuu uliyejitambulisha kuwa umefanya kazi kwenye ofisi kama hiyo, ukasema wako watu wawili na wanafunzi maelfu, matangazo yanakwama kwa bosi anayesafiri: wewe nimekusoma mara tatu. Inawezekana kabisa yule mama wa dirishani naye alilipokea Ijumaa jioni, akalituma akiwa nyumbani kwake, na mimi nimemkasirikia mtu asiyehusika. Nikikutana naye nitamwomba radhi kwa sauti niliyotumia. Lakini kijana na toroli lake Jumatano hakukwamishwa na bosi anayesafiri. Yeye lilimfikia.

Dada uliyesema ulikosa nafasi ya kusaidia maabara kwa mtindo huohuo, barua ya muhuri mwisho wa wiki: nilijua siko peke yangu, ila sikujua ni kwa maneno yaleyale. Kama bado unalo tangazo lako, fungua taarifa za faili uangalie. Kwenye kompyuta unafungua PDF, unaenda kwenye menyu ya faili, unatafuta sifa za hati. Tarehe ziko hapo.

Na wengine wote mwenye tangazo la kazi au tukio la chuo, aweke hapa picha ya hizo tarehe tatu: kutengenezwa, kukufikia, kufungwa. Fichani majina ya watu na namba za simu, futeni na nembo ya chuo. Mimi nimeanza na langu, nimeliambatanisha hapo chini. Likuzeni mtaona mpaka dakika.