Lisbon au Porto kwa mapumziko na mama mzazi? Waliofika tupeane uzoefu

Binti Raskazone
Habari zenu wadau. Mama yangu yupo kwangu Ujerumani tangu mwezi uliopita, amekuja kunitembelea kutoka Tanga. Mwezi wa kumi nina siku sita za likizo na nataka nimtoe kidogo. Nimefanya kazi ya uuguzi huku miaka kumi na moja, na hii ndiyo mara ya kwanza mama kupanda ndege, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Kwa nauli nilizoziona nimebaki na miji miwili, Lisbon na Porto, yote ya Ureno. Suala la viza nimeshalimaliza: yake ni ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, siku tunazotaka zimo ndani ya zile alizopewa, na bima inagusa nchi zote za eneo hilo.

Mama ana miaka 67. Magoti yanamsumbua, ngazi ndefu ni mtihani. Hali nguruwe, hagusi pombe, na samaki kwake ni bora kuliko nyama. Naomba waliofika wasiishie kusema mji ni mzuri. Semeni mlikwenda na nani, mlilala upande gani, nini kiliwachosha, na nini mnakikumbuka mpaka leo. Natanguliza shukrani.

Kasuku wa Moro
Dada, mimi nilifika Porto peke yangu nikiwa mwanafunzi Hispania, kwa basi, mwezi wa kumi na moja. Mvua ilinyesha siku tatu kati ya nne. Hilo ulijue mapema: Porto ipo kaskazini na inapata mvua nyingi kuliko Lisbon, na mawe ya barabarani yakilowa yanateleza sana.

Lakini ule mji nimeupenda. Kituo cha treni cha São Bento, ukumbi wake umepambwa kwa vigae vya bluu na vyeupe, karibu elfu 20, kazi ya mchoraji Jorge Colaço. Kuna vita, kuna misafara ya wafalme, kuna wakulima wanavuna. Nilikaa pale karibu saa nzima nikisubiri mvua ikate, na kuingia ni bure kwa sababu ni kituo cha abiria kama vingine. Halafu lipo daraja la chuma la Dom Luís I, la mwaka 1886, lenye njia mbili, moja juu na moja chini. Juu inapita treni ya mjini na watembea kwa miguu, na ukisimama katikati unauona mto Douro wote, nyumba za rangi za Ribeira upande mmoja na maghala ya mvinyo ya Gaia upande wa pili. Jua la jioni lilitoka dakika kama ishirini tu siku ya mwisho, nami nilikuwa pale juu. Nikapiga simu nyumbani kumwonyesha baba.

Kwa chakula, mwambie mama asiguse kitu kinaitwa francesinha. Wenyeji wanajivunia, ila ni mkate uliojazwa nyama za aina kadhaa pamoja na za nguruwe, ukafunikwa jibini na kumwagiwa mchuzi wenye bia.

Mwana wa Kibokoni
Mie nasema Lisbon, na nitaeleza kwa urefu, mniwie radhi.

Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale. Ngome ya Yesu, ile waliyoijenga Wareno, nimeiona kila siku ya utoto wangu. Nilipoolewa nikahamia Uingereza, na mwaka wa tano wa ndoa mume wangu akaniuliza nataka kwenda wapi. Nikamwambia nataka kuona walikotoka wale watu.

Tukaanza Belém, pembeni ya mto Tejo. Pale pana monasteri ya Jerónimos, jengo jeupe refu la mawe yaliyochongwa kama kamba za jahazi na matumbawe. Ukiingia kanisani, karibu na mlango, kuna kaburi la Vasco da Gama. Jina hilo tulilikariri darasani: alifika Mombasa Aprili 1498, hawakuelewana na watu wa Mvita, akapita akaenda Malindi. Nilisimama pale nikakosa la kusema. Watu wanapiga picha, watoto wanakimbia, na mimi nimeganda.

Lakini kilichonitoa machozi hakikuwa Belém. Kuna Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, kwenye mtaa wa Janelas Verdes. Ndani yake, kwenye kioo, kipo chombo cha ibada cha Wakatoliki, wenyewe hukiita monstransi, cha dhahabu tupu yenye nakshi za rangi. Dhahabu ile ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama, safari yake ya pili, alimlazimisha Sultani wa Kilwa alipe kodi kwa mfalme wa Ureno, Manuel wa Kwanza. Mfalme akaamuru dhahabu hiyo itengenezwe chombo cha kanisa, kikamalizika 1506, mfua dhahabu akiwa Gil Vicente. Na kabla hata hakijamalizika, mwaka 1505, manowari za Mreno mwingine, Francisco de Almeida, zilishaipiga Kilwa na kuichoma Mombasa. Wenyewe wameandika kwenye kitako cha chombo, kwa herufi zao za zamani, kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya QILVA, yaani Kilwa. Nililitafuta neno lile mpaka nikaliona. Wallahi nililia, na mlinzi akaniletea kiti.

Dada, simwambii mtu aende likizo kuhuzunika. Nasema tu kwamba kwa mtu wa pwani yetu, Lisbon si mji wa kigeni moja kwa moja. Unakaa mkahawani unasikia wanaita meza *mesa*. Bendera ni *bandeira*, leso ni *lenço*, foronya ni *fronha*. Sambusa wanaziuza madukani wakiziita chamuças, zimefika kwao kupitia Goa, kule India. Na kuku wao wa piri-piri, hiyo ni pilipili yetu iliyosafiri. Mama yako atacheka njia nzima.

Na pweza! Wanamchemsha akalainika, wanamchoma na mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, viazi pembeni. Mume wangu si mtu wa pwani, na alimla siku tatu mfululizo.

Mzee wa Treni
Kwa nini mchague? Treni ya mwendo kasi kutoka Lisbon hadi Porto ni kama saa tatu. Nunueni tiketi mapema, bei inashuka sana. Sisi tulilala Lisbon usiku tatu na Porto mbili.

Binti Raskazone
Mzee wangu, nimelifikiria hilo. Ila kufunga na kufungua mabegi na mtu mzima mwenye magoti, naona siku moja nzima itapotea. Kibokoni, umenifanya nifunge simu nikakaa kimya. Mama nimemsomea maneno yako yote.

Baba Zuhura
Nimeishi Lisbon miaka saba nikifanya kazi jikoni, kwenye mahoteli. Nikwambie ukweli ambao picha hazisemi: Lisbon ni milima. Wanasema vilima saba, ila miguu yako itahesabu zaidi. Ukimlaza mama Alfama au Bairro Alto kwa sababu umeona dirisha zuri mtandaoni, umemfunga ndani. Mlaze Baixa. Ile sehemu ilibomoka kwenye tetemeko la Novemba 1, 1755, ikajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka na tambarare. Kutoka Baixa kuna lifti ya umma, haina malipo, unaingilia mtaa wa Fanqueiros. Inapandisha sehemu kubwa ya mwinuko wa kwenda kasri la São Jorge. Wageni wengi hawaijui, wanakwenda kupanga foleni kwenye lifti ya Santa Justa, ile ya chuma ya mwaka 1902, wanalipa na kusubiri muda mrefu.

Ile tramu namba 28 inayopigwa picha, panda saa moja asubuhi au iache. Mchana inajaa, mama atasimama njia nzima na wezi wa mifukoni wanaipenda. Simu na pasipoti ziwe mbele ya kifua. Mke wangu alichomolewa pochi kwenye tramu iliyojaa, na kupata hati mpya kulituchukua miezi.

Chakula cha halali si tatizo. Shuka kituo cha Martim Moniz, ingia mtaa wa Benformoso, utakuta Wabangladeshi na mabucha yao na wali wa kila aina. Msikiti Mkuu upo karibu na Praça de Espanha, umefunguliwa 1985, treni ya chini inakufikisha. Waumini wengi asili yao Msumbiji na Guinea-Bissau. Wapo wazee wa kutoka kaskazini ya Msumbiji wanaoelewa Kiswahili. Mimi nilisalimiwa "habari gani" pale mlangoni wiki yangu ya kwanza nchini, nikiwa sijui mtu hata mmoja, na mzee yule ndiye aliyenipatia chumba. Siwezi kumsahau.

Jingine dogo: kuna kodi ya mgeni kwa kila usiku, Lisbon euro 4 na Porto euro 3 kwa kichwa. Mara nyingi haimo kwenye bei mnayoiona mwanzo.

Mwanamke wa Ziwa Kivu
Salamu kutoka Brussels. Naona Lisbon imeshinda mapema, naomba niitetee Porto maana nilimpeleka mama mkwe mwenye miaka 71 na fimbo yake.

Porto ni ndogo, na hiyo ndiyo faida yake kwa mtu mzima. Vitu vyenyewe viko karibu karibu. Ni kweli inaporomoka kuelekea mtoni, lakini hatukushuka ngazi hata siku moja. Kuna kitreni cha Guindais kinachovutwa kwa kamba kutoka juu, Batalha, hadi chini karibu na daraja. Ng'ambo, Gaia, kuna vigari vinavyoning'inia kwenye waya, vinatoka juu Jardim do Morro hadi ukingoni mwa mto. Mama mkwe alivipenda kuliko kanisa lolote.

Siku ya pili tulipanda boti inayopita chini ya madaraja sita ya Douro, kama dakika hamsini, umekaa tu na upepo unakupiga. Yeye amezaliwa kando ya ziwa, miaka mitatu alikuwa ndani ya ghorofa huku Ubelgiji. Alitia mkono majini wakati boti inaegeshwa, akaanza kuimba nyimbo za wavuvi wa kwao. Mimi na mume wangu tulitazamana tu. Asubuhi yake tukampeleka soko la Bolhão, limekarabatiwa vizuri likafunguliwa tena 2022, akazungumza na muuza samaki dakika kumi, yeye kwa Kiswahili, mwenzake kwa Kireno, wakaelewana bei.

Kwa hiyo, dada, usiogope milima ya Porto kwa kusikia tu. Jiulize mama anapumzika kwa kuona vitu au kwa kukaa. Kama ni kukaa, Porto.

Kasuku wa Moro
Hapo kwenye kukaa naungana na mama wa Kivu. Mimi nilikuwa nakimbia mji, ndiyo maana mvua iliniuma.

Binti Raskazone
Nimemwuliza mama swali hilohilo: kuona au kukaa? Akanijibu, "Nataka kuiona hiyo dhahabu ya Kilwa, kisha nitakaa." Tiketi za Lisbon nimekata leo. Kibokoni, siku za kwenda makumbusho zipoje?

Mwana wa Kibokoni
Jumatatu wamefunga. Na angalia tovuti yao kabla ya kutoka nyumbani, majengo yale ya zamani hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo.

Binti Raskazone
Tumerudi jana usiku, alhamdulillah, nami sitaki kulala na deni la uzoefu.

Tulilala Baixa kama alivyosema Baba Zuhura. Lifti ya Fanqueiros tuliipanda mara nne. Mama alichoka siku moja tu, siku niliyojitia kumpeleka Sintra, mji wa makasri nje ya Lisbon, kwa treni ya kutoka kituo cha Rossio. Treni yenyewe ni dakika arobaini na raha kabisa, lakini kule juu foleni za magari na watu ni nyingi, makasri yapo mlimani, tukaishia kunywa chai na kurudi. Mwenye mgonjwa wa magoti asiifanye Sintra kwa siku moja. Tramu ya 28 tuliiacha. Teksi za kwenye simu hazikuwa ghali kama nilivyoogopa, nazo ndizo zilizotuokoa.

Belém tulikaa saa tatu kwenye benchi la mtoni. Mama aliuliza kama maji yale ni ya chumvi, nikamwambia hapa mto unakaribia kuingia baharini. Akasema, "Kumbe kama Pangani." Tukala pweza mchana na jioni. Msikitini Ijumaa alipata mwenyeji, bibi mmoja wa Msumbiji. Walishikana mikono kutoka mlangoni mpaka kituo cha basi, kila mmoja na lugha yake.

Makumbusho tulikwenda Jumatano asubuhi, watu wachache. Nilidhani nitahitaji kumweleza. Hakunipa nafasi. Alivaa miwani, akaanza kulizunguka lile kabati la kioo polepole akiwa ameinama na magoti yake yale, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikamletea kiti akakataa. Mara ya tatu akasimama, akanyoosha kidole bila kugusa kioo, akasoma herufi moja moja kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: Q, I, L, V, A. Akaniuliza waliolipa dhahabu hii majina yao yameandikwa wapi. Nikatafuta upande wote, nikamwambia hayapo. Ndipo akakaa kwenye kiti.

Mama wa Kivu, boti ya madaraja sita ameshaisikia. Ameniambia mwakani, viza ikipatikana, Porto.