Chemba ya wingu: ukungu upo, mistari ya chembe haionekani

mwl_kidato4
Habari zenu walimu. Naandaa somo la mionzi na nataka wanafunzi waone chembe kwa macho yao, siyo ule mchoro wa kitabuni tu. Chemba iko hivi: boksi la plastiki angavu, sentimita 20 kwa 15, kimo 15, limefunikwa juu ya bamba la alumini lililopakwa rangi nyeusi. Chini ya bamba kuna barafu kavu. Juu, ndani ya boksi, nimebandika kitambaa cha felti kilicholoweshwa spiriti ya duka la dawa, chupa imeandikwa 70%. Dakika ishirini sasa: ukungu mzito, mistari hakuna. Kosa liko wapi? Na barafu kavu ikikosekana wiki ijayo nifanyeje? Chanzo cha mionzi sina.

muoni_pwani
Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: 70%. Iliyobaki ni maji, na maji yanaganda kwenye bamba yakaacha utando mweupe juu ya rangi yako nyeusi. Tafuta isopropili (aina ya spiriti) ya 99%. Usihangaike na maduka ya dawa, nenda kwa wanaouza vifaa vya mafundi simu. Ndiyo wanayosafishia bodi. Mililita 30 hadi 40 zinatosha boksi hilo. Felti ilowe lakini isidondoshe.

Sasa elewa kinachofanyika humo ndani, maana makosa mengine yote yanatoka hapo. Juu kuna joto la chumba, chini bamba lina baridi kali (barafu kavu yenyewe ni nyuzi −78). Mvuke unashuka, na ukifika sentimita moja au mbili juu ya bamba unakuwa mwingi kuliko hewa inavyoweza kuubeba, ila hauna pa kushikia. Chembe yenye chaji ikikatiza hapo inaacha ayoni (atomu zenye chaji) njiani, na matone yanajijenga juu ya ayoni hizo. Huo ndio mstari. Kwa hiyo:

Hewa ikivuja, tabaka linavurugika. Ukiona ukungu unazunguka kama moshi wa jikoni, ziba ukingo wote kwa plastisini. Barafu kavu iponde, bamba lilale juu yake bila mapengo. Kifuniko kikipoa, kiwekee mfuko wa maji ya uvuguvugu juu.

Halafu taa. Hapa ndipo wengi wanapokwama wakati chemba yenyewe inafanya kazi. Zima taa za chumba, laza tochi ya LED pembeni usawa wa bamba, mwanga upite juu yake kwa kukwaruza, wewe uangalie kutoka juu kwa mshazari. Ukimulika kutoka juu utaona bamba tu. Mvua nyepesi ya matone madogo ni dalili njema. Mistari hufuata baada ya dakika 10 hadi 15.

Chembe_na_Chai
Naongezea upande wa kusoma mistari. Usawa wa bahari, muoni (chembe yenye chaji inayoshuka kutoka angani) moja hivi hupita kila sentimita ya mraba kwa dakika. Bamba lako ni sentimita za mraba 300, yaani muoni tano kwa sekunde. Usiwaahidi wanafunzi hesabu hiyo! Nyingi zinashuka wima, zinakata tabaka jembamba na kuacha alama fupi isiyovutia jicho. Mistari mirefu iliyonyooka ni ya zile zilizokuja kwa mshazari. Mfupi mnene, sentimita chache, ni alfa, kwa kawaida kutoka radoni, gesi yenye mionzi iliyomo hewani. Mwembamba unaopindapinda ni elektroni.

Chanzo hukihitaji. Chukua puto, lisugue kwenye nywele au sufi, litundike dakika 30 hadi 45 kwenye stoo iliyofungwa ya chini (darasa lenye madirisha wazi halikusanyi radoni). Lipasue, weka mpira wake chembani mara moja, maana mazao ya radoni yaliyonaswa juu yake hayadumu: risasi-214 ina nusu-maisha ya dakika 27, bismathi-214 dakika 20, kwa hiyo chai baadaye. Kifaa cha kugundua moshi usikifungue kutafuta chanzo kilichomo. Chanzo halisi kwa Tanzania kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu.

Sumaku hupinda njia za chembe, ila za kawaida zisikudanganye. Kwa tesla 0.1 (nguvu ya sumaku), elektroni ya nishati ya MeV 1 inapinda kwa nusu-kipenyo cha sentimita 5, utaiona. Muoni ya GeV 4 (GeV moja ni MeV 1000) nusu-kipenyo chake ni mita zaidi ya 130! Mwanafizikia Carl Anderson alipoitambua positroni (elektroni yenye chaji chanya) mwaka 1932 kwenye chemba yake, alitumia tesla 1.5.

fundi_maabara
Kuhusu barafu: barafu ya kawaida na chumvi haitoshi. Kikomo chake ni −21, na bamba halifiki hata hapo. Panga vipozeo viwili vya Peltier (vibamba vinavyopoza kwa umeme) aina ya TEC1-12706, kimoja juu ya kingine, grisi ya prosesa katikati, ipakwe nyembamba. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani inatosha: cha chini waya wa njano (volti 12), cha juu mwekundu (volti 5), weusi ni hasi. Upande wa moto ukae kwenye hitisinki (chuma cha kutoa joto) iliyozama maji ya barafu. Ukiwasha bila hitisinki, kipozeo kimekufa ndani ya dakika. Eneo ni sentimita 4 kwa 4 tu, wanafunzi waangalie kwa zamu au kupitia kamera ya simu.

Umeme ukikatika, cheza gololi, kuonyesha jinsi kitu kisichoonekana kinavyopimwa kwa kuhesabu migongano. Panga 6 kwenye upana wa sentimita 60, zifunike kwa kadibodi, zirushieni gololi nyingine 200 bila kulenga. Zikigonga 64, kipenyo = 64 × 60 ÷ (2 × 6 × 200) = sentimita 1.6. Zilizofichwa ziachane zaidi ya vipenyo viwili, la sivyo gololi moja itagonga mbili na hesabu itaharibika.

mwl_kidato4
Asanteni. Nimepata ya 99%, mistari ipo! Ila felti inaanguka kila baada ya dakika kumi.

muoni_pwani
Gundi inayeyuka kwenye isopropili. Toboa na ufunge kwa waya mwembamba, kisha ziba matundu. Boksi kama ni akriliki litaanza kufanya nyufa pia. Tangi la samaki la kioo ndilo la kudumu. Na madirisha yawe wazi unapoponda ile barafu, glovu nene mikononi, kiberiti mbali.