Vipande vya protini bila kuoka: kwa nini vyangu havishikani?

Mwalimu wa Pete (Ujiji, Kigoma)

Habari zenu, ndugu zangu. Ninafundisha katika shule moja ya sekondari hapa Ujiji, na jioni ninasimamia timu ya wasichana ya mpira wa pete. Chakula cha mchana wanakula saa saba, mazoezi yanaanza saa kumi, na tunapomaliza saa kumi na mbili wapo wenye mwendo mrefu wa miguu kabla ya kufika nyumbani. Nimewaona mara nyingi wakinunua maandazi na juisi za unga zenye rangi, nikaazimia kuwatengenezea vipande vya protini kama vile vinavyouzwa madukani vikiwa vimefungwa kwenye karatasi za kung'aa, ila vya kwangu viwe vya karanga, ufuta na asali yetu. Sina jiko la kuokea. Nina jiko la mkaa, sufuria mbili, kinu na mchi, na jokofu ambalo siwezi kulitegemea.

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza nilichanganya karanga zilizosagwa, asali na unga wa soya mbichi bila kutumia moto kabisa, kwa sababu nilielewa kwamba kutooka maana yake ni kutopika. Hadi jioni mchanganyiko ulikuwa umelegea kama uji mzito, na wasichana wawili wakalalamika kwamba matumbo yamejaa gesi. Mara ya pili niliongeza oti na vijiko vitatu vya mawese nikitumaini kwamba mafuta yataushikanisha, lakini vipande vilimomonyoka mara tu nilipoviinua, vikaacha mafuta mekundu kwenye karatasi. Mara ya tatu nilipata asali ya nyuki wadogo kutoka Tabora, nzuri sana kwa kuilamba, nikaipasha moto kidogo na kuimimina juu ya karanga na ufuta. Vipande vilibaki laini, na siku ya nne vilikuwa na ladha ya uchachu.

Naomba kuelekezwa: ni kitu gani hasa kinachoshikanisha vipande hivi, kipande kimoja kinaweza kuwa na protini kiasi gani, na vitakaa siku ngapi bila jokofu?

Mpika Kashata (Isevya, Tabora)

Mwangaluka, Mwalimu. Mimi ninapika kashata za kuuza kwa wasafiri wa treni, na naona kwamba unachokitafuta unakijua tangu utoto. Kipande cha protini kisichookwa ni kashata iliyopunguziwa sukari na kuongezewa mbegu. Ukilichukua jambo hili kama kashata, makosa yote matatu yataonekana yalipotokea.

Kinachoshikanisha kashata ni sukari iliyopungukiwa maji. Asali ni sukari pamoja na maji, na ukiichanganya ikiwa baridi, maji yale yanabaki ndani na kipande hakiwezi kukaza, hasa katika joto letu la Septemba na Oktoba. Asali ya nyuki wakubwa iliyoiva vizuri ina maji chini ya asilimia 20 hivi. Asali ya nyuki wadogo huwa na maji mengi zaidi, mara nyingi hupita asilimia 25, na ndiyo sababu inamiminika kama maji na ina ukali kidogo ulimini. Maji hayohayo ndiyo yanayoifanya ichachuke upesi. Kwa hiyo hukuuziwa asali mbaya, Mwalimu. Ulipewa asali ya kulamba ukaipa kazi isiyo yake. Kwa kazi hii tafuta asali ya nyuki wakubwa, ile nyeusi ya misitu ya miombo ya huku kwetu, na uitafute iliyo nzito kiasi kwamba ukiinua kijiko inashuka kama uzi usiokatika.

Sasa tuje kwenye moto. Mimina asali kwenye sufuria yenye kina, kwa sababu itafura na kupanda, kisha uiweke kwenye mkaa usio mkali. Mwanzoni utaona povu jeupe lenye mapovu madogo. Baada ya dakika chache mapovu yanakuwa makubwa na mazito, yanapasuka polepole, na harufu inabadilika kutoka ile ya maua kuelekea ile ya sukari iliyoanza kuungua. Hapo chukua kikombe cha maji baridi na udondoshe tone moja. Likitawanyika majini, bado. Likituama chini na ukaweza kulikusanya kwa vidole likawa kigololi laini kinachobonyea, asali iko tayari, na kwa mwenye kipimajoto huwa ni kama nyuzi 118 za Selsiasi. Ukichelewa hadi kigololi kiwe kigumu, utapata kashata ya kuvunja kwa meno, nayo si ya mtu anayetoka kukimbia na koo limekauka.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba karanga na mbegu ziwe za moto wakati asali inaingia. Mimi naziacha kwenye kikaango juu ya majivu ya moto huku asali ikichemka pembeni. Asali ikikutana na karanga baridi inaganda juu ya zile za mwanzo, na za chini zinabaki kavu. Halafu usitie mafuta yoyote. Karanga yenyewe karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta ya ziada yanaipaka kila chembe ngozi ya utelezi ili asali isishike. Mawese yawekee maharage yako.

Kipimo changu ni hiki: karanga zilizokaangwa gramu 300, ufuta gramu 100, mbegu za maboga zilizomenywa gramu 100, maziwa ya unga gramu 100 na asali gramu 200. Kama huna mizani, karanga ni vikombe viwili, ufuta ni theluthi mbili za kikombe, mbegu za maboga robo tatu, maziwa robo tatu, na asali inazidi kidogo nusu kikombe. Nusu ya karanga zitwange kwenye kinu mpaka zianze kutoa mafuta na kushikana na mchi, na nusu nyingine zipasue tu. Maziwa ya unga yachanganye kwanza na ufuta, maana yakikutana peke yake na asali ya moto yanafanya mabonge yasiyovunjika.

Huko Kigoma migomba haiwaishi. Babua jani la mgomba juu ya mkaa mpaka ling'ae na kulainika, litandike kwenye sinia, mimina mchanganyiko, funika kwa jani jingine, kisha ukandamize kwa nguvu kwa kitako cha chupa. Ukandamize kweli, kwa sababu nafasi za hewa ndizo zinazofanya kipande kimomonyoke. Kata kikiwa vuguvugu. Kikipoa kabisa kitapasuka kinapotaka chenyewe.

Afisa Lishe Mstaafu (Kigoma Mjini)

Nimefurahi kusoma maelezo ya dada yetu wa Isevya, na ningependa kuongeza upande wa hesabu na wa usalama.

Katika kila gramu 100, karanga zina takriban gramu 26 za protini, mbegu za maboga takriban 30, maziwa ya unga yasiyoondolewa mafuta takriban 26, na ufuta kama 17. Asali haina hata gramu moja. Kipimo kilichotolewa hapo juu kinakaribia gramu 150 za protini, kwa hiyo ukikata vipande 20 vya gramu 40 hivi, kila kipande kina gramu 7 au zaidi kidogo, ambazo ni zaidi ya zile za yai moja. Kina pia nishati ya takriban kilokalori 200. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mwanamichezo anahitaji zaidi, kwa kawaida kati ya gramu 1.2 na 2. Msichana wa kilo 50 anayefanya mazoezi anahitaji basi si chini ya gramu 60 kwa siku. Kipande kimoja kitamsogeza, lakini maharage na dagaa vya nyumbani ndivyo vitakavyomfikisha, na ninaomba Mwalimu awaeleze hivyo wasichana wake waziwazi, wasije wakaona kipande hiki kama mbadala wa chakula cha usiku.

Kuhusu soya, gesi ile ina maelezo yake. Soya mbichi ina vitu vya asili vinavyokizuia kimeng'enya kinachosaga protini kwenye utumbo mdogo, kwa hiyo mlaji anapata usumbufu wa tumbo na protini yenyewe haitumiki ipasavyo. Joto ndilo linaloviharibu. Chemsha soya kwa nusu saa, mwaga maji, sugua maganda yatoke, anika mpaka ikauke kabisa, kaanga mpaka inukie, kisha usage. Ikitayarishwa hivyo inaweza kuchukua nafasi ya theluthi moja ya karanga, na itaongeza protini kidogo kwa sababu soya kavu ina takriban gramu 36 katika kila gramu 100.

Lililonifanya hasa niandike ni sumukuvu. Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na ukungu unaotoa sumu hii, na mwaka 2016 Watanzania wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kukaanga hakuiondoi, kunapunguza sehemu tu. Kinga iliyo mikononi mwa mpishi ni kununua karanga zilizokaushwa vizuri, kisha kuzimwaga kwenye ungo mahali penye mwanga na kuzichambua moja moja, ukitupa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na wadudu, au inayoonekana na ukungu. Usiwape kuku zile ulizozitupa. Na usinunue karanga zilizokwisha kusagwa na mtu usiyemjua, kwa kuwa karanga mbovu ikishasagwa haionekani tena. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, na hakuna jambo la jikoni ambalo nimelirudia mbele ya akina mama mara nyingi kuliko hili la ungo.

Mawili ya haraka. Uliza wazazi kama kuna msichana mwenye mzio wa karanga au wa maziwa kabla hujagawa. Na kama wapo wanaopeleka vipande nyumbani kwa wadogo zao, mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asipewe kitu chenye asali, hata iliyochemshwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvihimili.

Kijana wa Mwaloni (Kibirizi, Kigoma)

Shikamooni. Mimi naanika dagaa, na nataka kuuliza kwa dhati kwa nini dagaa hawakutajwa kwenye vipande vyenyewe. Dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika wana protini takriban gramu 60 katika kila gramu 100, mara mbili ya karanga na zaidi, na hapa Kibirizi tunawapata bila shida. Nyumbani tumewahi kukaanga dagaa bila mafuta mpaka wakawa wanavunjika kwa kidole, tukawatwanga na karanga, ufuta, pilipili kidogo na chumvi, tukashikanisha kwa asali kidogo sana. Wavulana wa timu yetu wanavila vizuri, ingawa harufu inabaki mikononi.

Mpika Kashata (Isevya, Tabora)

Mdogo wangu, marahaba. Wazo lako ni zuri, lakini lifanye kitu cha pekee chenye chumvi. Unga wa dagaa ukiingia kwenye kashata tamu, hata kijiko kimoja, utaonja samaki kwanza na asali baadaye. Chagua dagaa walioanikwa juu ya chanja, kwa sababu walioanikwa chini wana mchanga, na mchanga ndani ya kitu cha kutafuna unaumiza meno.

Mwalimu wa Pete (Ujiji, Kigoma)

Nawashukuru sana. Jumamosi nilifanya kama mlivyonielekeza, kwa asali ya nyuki wakubwa niliyoipata soko la Mwanga. Kuchambua kilo moja ya karanga kulinichukua muda mrefu kuliko upishi wenyewe, na nilitoa konzi mbili nzima za zilizosinyaa, jambo lililonishtua kwa sababu nilipozinunua niliziona safi. Tone la kwanza la asali lilitawanyika, la pili vilevile, na la tatu likakaa chini ya kikombe likawa kigololi. Vipande vilishikana. Nilikata 20 nikavifunga kimoja kimoja kwa karatasi ya kuokea, na Jumatatu jioni viliinuliwa mikononi bila kumomonyoka.

Limebaki swali la muda wa kukaa. Leo ni siku ya sita, na vilivyobaki ni vizuri ila vimeanza kunata kwa juu.

Mpika Kashata (Isevya, Tabora)

Huko ni kunyonya unyevu wa hewa, Mwalimu, na ninyi wa ziwani mnao mwingi, hasa mvua zikianza. Asali huvuta maji popote ilipo. Vihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, usiufungue mara kwa mara, na upike vya wiki moja tu kwa wakati. Kunata hakuna madhara. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyokaa sana au ukaona ukungu, hata mdogo kiasi gani, tupa vyote vilivyokuwa kwenye ndoo hiyo. Na usije ukatia ndizi mbivu kwa kutaka utamu zaidi, kwa sababu utakuwa umeyarudisha yale maji yote uliyohangaika kuyatoa motoni.