Tupeane uzoefu: Kuponi za manunuzi ya nyumbani, mnazipangaje zisife ndani ya droo?

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Kuponi, yaani vile vikaratasi vya punguzo la bei, za vyakula na vifaa vya nyumbani hukatwa kwa bidii, zikatupwa kwenye droo, na siku ya kwenda dukani hazionekani, au zinaonekana zimeshapitwa na tarehe. Tupeane mbinu, na kila mbinu tuseme inakwamia wapi. Leteni hatua na vipimo.

Naanza. Kabla kuponi haijawekwa popote, soma mambo manne: tarehe ya mwisho, ukubwa wa bidhaa kwa gramu au mililita, idadi unayotakiwa kununua, na nani kaitoa. Ya kiwanda kwa kawaida hupokelewa na maduka mengi yanayouza bidhaa hiyo. Ya duka hutumika kwenye duka hilo tu. Zungushia tarehe kwa kalamu nyekundu hapo hapo mezani. Na tarehe kama 03/04 iangalieni vizuri, maana kuna wanaoanza na siku na kuna wanaoanza na mwezi. Ukikosea hapo umepotea kwa siku 30.

Mkasi Butu
Naongezea kwenye kukata. Watu wanapenda kukata kuponi ndogo ndogo, nadhifu, hadi ukingoni mwa msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine. Hilo ni kosa. Pale kushoto na kulia mwa mistari pameachwa peupe makusudi, ndipo mashine inapojua mistari inaanzia wapi na kuishia wapi. Ukipala peupe pale, skana inagoma, na keshia akishindwa kuisoma anakurudishia. Kateni kwa kufuata ule mstari wa vidoti, na yale maandishi madogo ya masharti yabaki. Kuponi isiyo na tarehe wala masharti inatiliwa shaka kaunta.

Kukunja nako kuna adabu yake: kunja upande wenye picha, mkunjo usipite katikati ya mistari.

Rafu kwa Rafu
Kwenye kupanga, naona wengi wanafuata alfabeti. Alfabeti inapendeza nyumbani, dukani inakuchelewesha. Pangeni kwa mfuatano wa rafu za duka mnalolitumia zaidi: za mlangoni mbele, za friza nyuma kabisa. Makundi 8 hadi 12 yanatosha. Yakizidi 15 unaanza kujiuliza sabuni ya vyombo iko kwenye "usafi" au kwenye "jikoni", na kuponi moja inatafutwa sehemu tatu.

Kifaa: faili la mifuko linalofunguka kama kodiani linatosha kwa kuponi zisizozidi mia hivi. Zikizidi hapo, chukueni faili lenye ringi na kurasa za plastiki za mifuko 9, zile za kuwekea kadi. Faida yake unaziona zote bila kuzitoa. Hasara yake ni uzito, na kila kuponi lazima ikunjwe iingie. Msiweke zaidi ya aina moja kwenye mfuko mmoja, ya nyuma itasahaulika hadi ife.

Bahasha ya Kaki
Mkuu hapo juu, rafu sawa, ila tarehe je? Ukipanga kwa rafu peke yake, kuponi inakufa katikati ya kundi bila mtu kujua. Dawa yake ni bahasha moja tu mbele ya faili, iandikwe SIKU 14. Kila wiki, siku ile ile, pitia makundi yote, na yoyote iliyobakiza siku 14 au pungufu ihamie kwenye bahasha hiyo. Ni kazi ya dakika 15 hadi 20. Orodha ya manunuzi ianzie kwenye bahasha, ndipo uende kwenye makundi. Zilizokwisha zitupwe siku hiyo hiyo, zisirudi ndani.

Sikati Mpaka Niende
Kuna njia ya tatu kwa wavivu wa mkasi. Vijitabu na vipeperushi vya kuponi msivikate kabisa. Andikeni tarehe ya kutoka kwenye jalada, vipangeni kwenye boksi vipya mbele, na kateni zile tu za safari ya leo. Inaokoa muda mwingi. Kasoro: ukikutana na ofa ya ghafla dukani, kuponi yake imebaki nyumbani. Pia bila orodha ya kilichomo kwenye kila kijitabu, utavifungua vyote. Bandikeni karatasi ndogo kwenye jalada yenye bidhaa tano au sita mnazozitumia kweli.

Karatasi Nyeti
Jambo ambalo halijaguswa: kuponi zinazotoka na risiti. Zile karatasi laini hazina wino, maandishi yake hutokea kwa joto. Jua na joto huzifuta au kuzifanya nyeusi, na plastiki laini ya vinili hufifisha maandishi taratibu. Kwa hiyo zile kurasa za mifuko 9 si rafiki yake kama ni za vinili. Ziwekeni kwenye bahasha ya karatasi, mbali na dirisha na mbali na dashibodi ya gari. Kuzipitisha kwenye mashine ya kulaminishia ndiyo kuziua kabisa, zinageuka nyeusi zote.

Kidole Skrini
Za kwenye simu: programu nyingi hutaka uibonyeze kuponi kwanza ndipo ihesabike. Kuiona tu haitoshi. Fanyeni hivyo nyumbani kwenye mtandao mzuri, maana kaunta ndipo mtandao unapokata. Picha ya skrini inasaidia kama msimbo haubadiliki. Kama msimbo una saa inayohesabu kurudi nyuma, picha haina kazi. Mwanga wa skrini uongezwe hadi mwisho kabla ya kuskani.

Hesabu Kwanza
Kuponi isiwanunulishe msichokihitaji. Gawanyeni bei kwa uzito. Sabuni ya gramu 500 kwa 100, na kuponi ya 20, inabaki 80, sawa na 16 kwa kila gramu 100. Ya jirani yake, gramu 500 kwa 70 bila kuponi, ni 14. Hapo kuponi imeshindwa.

Na mkiwa na punguzo mbili zinazokubaliwa pamoja, mfuatano unabadilisha bei. Bidhaa ya 200, asilimia 10 ikitangulia inakuwa 180, toa 30 unalipa 150. 30 ikitangulia inakuwa 170, kisha asilimia 10, unalipa 153. Aghalabu mfumo wa duka ndio unaoamua, lakini hakikini kwenye risiti kabla ya kuondoka kaunta.

Mwanzisha mada
Shukrani wakuu. Swali: iliyopita tarehe kwa siku moja, inajaribiwa au inatupwa?

Rafu kwa Rafu
Kama ni ya duka lenyewe, uliza huduma kwa wateja kabla ya kujaza toroli. Kama ni ya kiwanda, tupa. Duka linadai pesa yake kwa kiwanda, na likipokea iliyokwisha linaweza kunyimwa.

Bahasha ya Kaki
Na msidurufu. Nyingi hukubaliwa za asili tu, nakala ni udanganyifu.