Four Tops bila hata mmoja wa wale wanne: bado ni Four Tops? Tujadili

Wakuu heshima mbele. Hii mada naizungusha kichwani tangu mzee Duke Fakir wa Four Tops afariki, na kijiweni kila nikiianzisha naambiwa we mzee wa zilipendwa tuache tuangalie mpira, kwa hiyo naitua hapa.

Ni hivi. Kuna kundi la Detroit, Marekani, linaitwa Four Tops. Hata kama jina hulijui wimbo wao umeshausikia, ule wa 1966, Reach Out I'll Be There, ulikamata namba moja Marekani na Uingereza. Mimi niliukuta kwenye kaseti ya baba mdogo, kaseti yenyewe imeshavutika mpaka wimbo unayumba kama mlevi, na bado nikaupenda. Walikuwa vijana wanne: Levi Stubbs, Duke Fakir, Obie Benson na Lawrence Payton. Wameanza kuimba pamoja 1953, na hawakubadilisha mtu hata mmoja mpaka Payton alipofariki 1997. Miaka 44 wanaume walewale wanne! Ndoa ngapi mnazijua zimefika hapo? Baada ya hapo ndio msiba ukawa unafuata msiba, Levi kiharusi kikamtoa stejini 2000, Obie akaondoka 2005, Levi mwenyewe 2008, na Duke aliyebaki peke yake akafariki Julai 2024 akiwa na miaka 88.

Na kundi lipo, linapiga shoo kama kawaida. Yupo Ronnie McNeir ambaye ameingia zamani, kabla hata Levi hajafa, yupo Roquel Payton ambaye ni mtoto wa Lawrence, yupo Alexander Morris anayeimba sehemu za Levi, na Michael Brock aliyeingia 2024 kwenye nafasi ya Duke. Sasa swali ni jepesi kuliuliza ila kulijibu ndio kazi: hawa ni Four Tops, au ni watu wanaoimba nyimbo za Four Tops?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema msije mkasema namumunya maneno. Mimi nasema ni Four Tops halali, lakini kuna kitu kimoja wanakosea.

Kundi la sauti sio kama msanii mmoja. Ni viti vinne. Kuna wa kuimba juu kabisa, hapo ndipo alikaa Duke, kuna sauti ya pili ambayo ilikuwa ya Payton na yeye ndiye alikuwa fundi wa kupanga nani aingie wapi, kuna ya chini kwa Obie, halafu kuna anayeongoza. Ukikaa kwenye kiti unafundishwa na aliye kiti cha pembeni, sio na kitabu. Ronnie alikaa na Obie na Duke miaka na miaka wanafanya mazoezi, Morris naye alimkuta Duke hai akasimama naye steji moja. Huyo hajajifunzia kwenye video za YouTube, amekabidhiwa mkononi. Na mtoto wa Payton amekalia kiti cha Obie aliyeimba na baba yake, sasa mnataka cheti gani tena jamani.

Ila kile cha nne sasa. Kiti cha Levi mimi nasema hakirithiki, na sababu iko kwenye zile rekodi zenyewe. Levi sauti yake ilikuwa baritoni, nzito, halafu wale watunzi wa Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, ndugu wawili Holland pamoja na Lamont Dozier, walikuwa wanampandishia wimbo makusudi, unakuwa juu kuliko pale koo lake linapopumzika, ili alazimike kusukuma. Chukua ule wa 1966 uvae hedifoni. Unaanza na filimbi, chini yake mdundo unakwenda kama kwato za farasi, halafu Levi anaingia na huwezi kusema kama anaimba au anaita. Dozier alishaeleza kwamba pale walikuwa wanamfuatisha Bob Dylan, ile staili yake ya kuimba kama anapiga kelele. Unapata mtu mzima anagonga mlango usiku wa manane. Zile nyimbo zimekatwa kwa kipimo cha koo moja kama suti ya fundi, mwingine akiivaa hata kama ana mwili mzuri mabega yatakataa tu.

Kwa hiyo kosa ninaloliona sio kutumia jina. Ni kumtafuta Levi wa pili. Morris ana sauti nzuri na yake mwenyewe, kwa nini apewe kazi ya kumuigiza marehemu kila usiku?

Halafu kuna kituko kimoja kuhusu huyohuyo Morris. Aprili 2023 alipelekwa hospitali moja huko Michigan, kifua kinambana na kupumua shida. Kwa mujibu wa kesi aliyoifungua mwaka uliofuata, alipowaambia yeye ni mwimbaji wa Four Tops wakaona huyu kichwa kimeruka, wakamfunga kitandani wakaagiza apimwe akili, mpaka alipomuonesha muuguzi mmoja video yake akiwa jukwaani ndio wakashtuka. Anadai baadaye alipewa kadi ya supamaketi ya dola 25 kama pole, akaikataa. Jina la kundi kila mtu analijua, sura ya mtu aliyelibeba haijulikani hata Michigan kwenyewe.

Karibuni. Povu ruksa ila matusi hapana.

———

Nimeweka kambi, naagiza na kahawa kabisa.

———

Mkuu umeandika vizuri ila umejifunga mwenyewe. Payton alipofariki 1997 wale watatu waliobaki walifanya nini? Walipanda steji wakajiita The Tops, wakaliondoa lile neno "Four" kwa sababu walijua wanne hawapo tena. Mpaka alipoletwa Theo Peoples mwaka uliofuata, kijana aliyekuwa ametokea kundi la Temptations, ndio hesabu ikarudi nne. Wenyewe wenye kundi waliona aibu kujiita wanne wakiwa watatu! Leo hakuna hata mmoja na bango limesimama vilevile. Hesabu wameirudisha, ni kweli wako wanne, lakini kwa hesabu hiyo mimi na wewe na huyo aliyeweka kambi na kahawa na mwingine yeyote tukipanda nasi ni Four Tops.

Mimi nasema jina lilitakiwa kuzikwa na Duke. Nyimbo ziendelee hakuna anayekataza.

———

Hapo juu unahesabu kichwa kwa kichwa, hii sio sensa. Nendeni kwa Drifters, kundi jingine la huko Marekani, mkajifunze. Mwaka 1958 meneja wao George Treadwell, ambaye ndiye alikuwa anamiliki jina, aliwafukuza wote. Sio mmoja, WOTE. Na bado alikuwa anadaiwa shoo pale ukumbi wa Apollo, New York, unajua alifanya nini? Akachukua kundi jingine kabisa lililokuwa linaitwa Five Crowns, akawaambia kuanzia leo nyie ndio Drifters. Mashabiki wakawazomea. Mwaka uliofuata haohao "feki" wakaingia studio na kijana wao Ben E. King wakatoa wimbo wenye violini nyuma, kitu ambacho watu weusi wa kizazi kile hawakuzoea kukisikia kwenye nyimbo zao, ukalipuka. Leo ukitaja Drifters mtu anawakumbuka hao, wale wa mwanzo wa Clyde McPhatter wanajulikana na wataalamu tu.

Sasa niambieni feki ni nani hapo?

Ila niseme na ubaya wake, hao vijana walikuwa wanalipwa mshahara tu, jina na hela ni vya meneja, ndio maana Ben E. King hakukaa. Kwa hiyo mimi swali langu sio nani anaimba, ni nani anashika karatasi ya umiliki.

———

Samahani niingie kwa mlango wa nyumbani kidogo. Sisi huku tulifanya kinyume chao. Bendi ya NUTA Jazz ya 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikaja kuwa Msondo Ngoma. Jina linabadilika kila chama cha wafanyakazi kikibadilika lakini mwimbaji wao mzee Gurumo ulikuwa unamkuta humohumo, akaenda bendi ya Mlimani Park akarudi, na shabiki wala hapati shida anajua hii ni Msondo. Kwao jina linabaki watu wanaondoka, kwetu watu walibaki jina likaondoka. Labda ndio maana hii mada Wabongo wengi tunaiona ya ajabu, sisi tulizoea kufuata sauti, bango tulikuwa hatulisomi kabisa.

———

Mimi niko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa, naongea kama mtu niliyetoa hela yangu. Nilikwenda shoo moja ya kundi la zamani, silitaji, ukumbi wa kasino, bango lina picha nyeusi na nyeupe ya vijana wamevaa suti za kubana. Tumekaa, taa zikawaka, wametoka watu ambao picha ile inapigwa hawajazaliwa. Mama mmoja mzee pembeni yangu akanigusa bega akaniuliza, "yule mrefu yuko wapi?" Nikakosa jibu. Waliimba vizuri sana, sitadanganya, yule mama mwenyewe mwishoni alisimama akacheza. Lakini ile picha ilikuwa uongo na aliyeibandika alijua.

Na sheria ipo. Mary Wilson wa kundi la Supremes, Mungu amrehemu, yeye na yule Jon Bauman wa kundi la Sha Na Na walizunguka kupigania sheria inaitwa Truth in Music, majimbo zaidi ya 30 yameipitisha. Inasema kundi liwe na angalau mtu mmoja aliyekuwemo kwenye rekodi, au liwe na hati ya jina, au liandike wazi kwamba linawaenzi wale wa mwanzo. Ilikuja kwa sababu hali ilikuwa mbaya, jina la kundi la Platters peke yake lilikuwa linatumiwa na makundi chungu nzima sehemu tofauti, na Herb Reed ambaye ndiye aliyelibuni hilo jina alitumia miaka mingi ya uzee wake mahakamani kulirudisha, akafariki 2012.

Kwa sheria hiyo Four Tops wa leo hawana kosa. Nataka tu picha ya sasa kwenye bango, basi. Ni ombi kubwa hilo?

———

Mleta mada nimerudi, nilikuwa kazini.

Wa picha ya kasino, nakuunga mkono mia kwa mia na naona umeniwekea sharti ambalo mimi nililisahau.

Wa "lizikwe na Duke", ndugu yangu hoja ya The Tops ni nzito na nakiri sikuifikiria. Ila iangalie upande wa pili: walipompata mtu wa nne walirudisha jina, na Levi na Obie na Duke wote walikuwepo wakakubali. Kwa hiyo wenyewe waliamua kwamba wanne ni viti, sio watu. Kama walikosea walikosea wao, sio Morris.

Wa Drifters umenisaidia sana, na ngoja nikuongezee mfano unaopiga palepale nilipokuwa nataka. Temptations, hao jirani zao wa Detroit. 1968 walimfukuza David Ruffin, sauti yao kubwa, jamaa akawa anawavamia stejini katikati ya shoo ananyang'anya maiki. Nafasi yake akachukua Dennis Edwards. Angeweza kumuigiza Ruffin mpaka leo tungekuwa tunamwita kopi. Badala yake alikuja na koo lake la mchanga, kundi likabadilika nyimbo zikawa nzito za gitaa na mambo ya mitaani, na hao ndio walioiletea Motown Grammy yake ya kwanza. Hicho ndicho ninachokitaka Morris afanyiwe. Wamtungie na yeye suti yake, hata nyimbo tatu tu, halafu zile za Levi aziimbe anavyoziimba yeye. Otis Williams wa Temptations ni wa 1941 na ndiye mwanzilishi pekee aliyebaki, kwa hiyo hili swali linakwenda kuwagongea na wao mlango.

Halafu kuna jambo nilikuwa nimelificha niwaachie mwisho. Mnaosema "wanne wa kweli", kwenye zile rekodi za Motown hawakuwa wanne. Kulikuwa na wanawake watatu waajiriwa wa studio, waliitwa Andantes: Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps. Wameimba nyuma ya Four Tops karibu kwenye nyimbo zote kubwa, na majina yao hayakuandikwa kwenye rekodi. Zile sauti za juu zinazoelea nyuma ya Levi mnazozipenda, nyingi ni za hao. Rudini mkasikilize ule wa 1966, kwenye kiitikio.

———

Mimi wa "lizikwe na Duke". Nimekwenda kusikiliza sasa hivi, nimerudia mara nne nikamwita na mke wangu. Ni kweli, wanawake hao hapo. Miaka yote nilikuwa najua ni Duke.

Sijabadilisha msimamo, ila nimekasirikia kitu kingine kabisa.