Saa sita mchana gari lako liko wapi?

Mwenye mada, Malindi
Assalaam aleikum wenzangu. Nawaomba tulijadili jambo hili bila kuvunjiana heshima. Wapo wanaotaka serikali ilegeze ushuru wa magari ya mseto ya kuchomeka, yale yenye injini ya petroli pamoja na betri kubwa inayochajiwa kwa plagi. Hoja yao ni kwamba sisi wa pwani jua tunalo bure. Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Ninachopinga ni pesa ya umma kuwekwa hapo.

Hesabu yangu ni hii. Mitsubishi Outlander za mtumba kutoka Japani zina betri ya yuniti 12, hizi hizi za tokeni, na zilizofuata zina 13.8. Toyota Prius ya kuchomeka iliyotoka 2017 ina 8.8. Paneli sita za wati 550 ni kilowati 3.3, na kwa jua letu, ukitoa hasara ya joto, vumbi na chumvi, siku njema utavuna kama yuniti 12. Outlander imejaa, na itakwenda kilomita 40 hivi kabla petroli haijashika kazi. Kwa mizunguko ya mjini inatosha kabisa. Watamu na kurudi inakaribia kutosha.

Lakini mavuno hayo mengi huja kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Wakati huo gari la mwalimu liko shuleni, la muuguzi liko hospitali, la mwenye duka liko sokoni. Likirudi nyumbani jua limekwisha kuzama. Itabidi ununue betri nyingine ya nyumba iweke umeme wa mchana, kisha usiku iumimine kwenye betri ya gari, na kila umeme ukihamishwa unapungua. Usipoinunua, utaishia kuchoma petroli huku umebeba betri kama mzigo. Ulaya yamewakuta. Ripoti ya Tume ya Ulaya ya 2024, iliyotokana na takwimu za magari yenyewe yakiwa barabarani, ilionyesha kwamba hewa chafu ya magari haya ni mara tatu unusu ya ile iliyopimwa maabara, kwa kuwa wenyewe hawayachaji kama ilivyodhaniwa.

Kwa hiyo pesa ya umma ijenge vivuli vya kuegeshea vyenye paneli juu, hospitalini, shuleni, sokoni na kwenye ofisi za kaunti. Jua lifuate gari lilipo.

Dereva wa tuk-tuk, Kisumu Ndogo
Kaka, nimekusoma vizuri, ila umenikata maini. Kodi yangu ijenge kivuli cha gari la mtu mwenye uwezo wa kuagiza Outlander? Wanaozunguka mji huu kutwa ni sisi na bodaboda. Tuk-tuk ya umeme haihitaji yuniti nyingi kama gari, na inabeba abiria siku nzima badala ya kusimama. Ukijenga kivuli, anza stendi yetu. Saa saba tunakula na kuswali, hapo tutachomeka.

Mama wa nyumba ya wageni, Watamu
Mwanangu, hesabu yako imenisahau. Gari langu hukaa uani tangu asubuhi mpaka mgeni apige simu, na hoteli na nyumba za wageni zilizo kama mimi ni nyingi. Kilichonisumbua ni paa. Makuti hayabebi paneli, na mimi moto nauogopa, kwa hiyo nilizifunga kwenye fremu ya chuma nyuma ya jiko. Na wanaosema gari la Kijapani litawasha nyumba stima ikipotea waambiwe ukweli: soketi yake hutoa volti 100, friji zetu ni za 240. Bila transfoma haifanyi kazi.

Fundi wa stima, Shella
Mwenye mada, umeruka jambo kubwa. Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mwenye sola isiyozidi megawati moja kufanya mkataba na msambazaji umeme, umeme wake wa ziada uingie kwenye gridi, yaani nyaya za umeme wa taifa, na ahesabiwe. Mchana unawapa, usiku unachaji gari. Betri ya pili ya nini? Na hata ukichaji usiku bila mkataba, stima ya Kenya sehemu kubwa ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo.

Tena msifungiwe soketi na mtu yeyote. Kebo ya kuchajia hupima kwanza waya wa athi, ule wa usalama unaozikwa ardhini, na isipouona vizuri inakataa kuchaji. Ardhi yetu ya matumbawe ikikauka athi inakuwa dhaifu, nimeshaitwa mara nyingi mtu akidhani gari limekufa. Wenye inveta ndogo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa nyumba, watafute kebo inayoshuka hadi ampea 6, karibu kilowati 1.4, ichaji polepole na nyumba isizimike.

Mwenye mada, Malindi
Mama, nimekubali, wewe na walio kama wewe jua na gari viko pamoja. Ndugu wa tuk-tuk, umenishinda. Stendi yenu itangulie, hospitali ifuate, ofisi za kaunti ziwe mwisho. Fundi, mkataba wa gridi ukipatikana kwa mwalimu wa kawaida bila kuzungushwa, hoja yangu ya betri ya pili inaanguka, nakiri. Kulegeza ushuru bado nakataa, maana punguzo hulipwa siku gari linaposhuka meli bandarini Mombasa, na baada ya hapo hakuna anayeuliza kama lilichomekwa hata mara moja.

Fundi, nieleze hili kabla hatujaendelea: kwenye matumbawe makavu, athi ya stendi nzima unaizika vipi?